Lukemia kali: Tiba mpya zaongezeka, safari ya mgonjwa wa Uroa bado ndefu

Lukemia kali ni saratani ya damu inayoanzia ndani ya uloto, ile nyama laini iliyomo katikati ya mifupa ambayo wengine huiita uboho. Humo ndimo damu inamotengenezwa. Neno "kali" katika jina la maradhi haya halielezi ukubwa wa maumivu, bali kasi. Ipo lukemia sugu, ambayo mtu anaweza kuishi nayo kwa miaka kabla ya kuhitaji dawa; lakini lukemia kali, isipotibiwa, huweza kuondoa uhai katika muda wa wiki au miezi michache.

Kinachotokea ni kwamba chembechembe nyeupe za damu ambazo hazijakomaa huanza kuzaana bila mpaka. Hazifanyi kazi ya kulinda mwili, na kwa wingi wake huziba nafasi ya chembechembe nyingine. Chembechembe nyekundu zikipungua, mgonjwa hupauka na kuishiwa pumzi. Chembe sahani, zinazogandisha damu, zikipungua, fizi hutoka damu, pua huvuja na ngozi hutokwa na madoa madogo mekundu au michubuko isiyo na sababu. Na kwa kuwa askari wa kweli wa mwili wamekwisha, homa huja na kurudi.

Wataalamu hugawa maradhi haya katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni lukemia kali ya limfoblasti, ambayo ndiyo saratani inayowapata watoto zaidi kuliko nyingine zote duniani. La pili ni lukemia kali ya mieloidi, ambayo huwapata zaidi watu wazima na wazee, ingawa watoto nao hawakusalimika nayo. Tofauti hii si ya kitabuni tu. Dawa inayomponya mmoja huenda isimfae mwingine hata kidogo.

Kwa mkaazi wa Uroa, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilichopo pwani ya mashariki ya Unguja baina ya Marumbi na Pongwe, tatizo la kwanza si dawa bali utambuzi. Homa, uchovu na kupauka kwa mtoto ni dalili ambazo kwa miaka mingi zilipewa jina moja tu: malaria. Lakini Zanzibar ya leo si ile ya zamani. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika mwaka 2003, zikafuatiwa na vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumbani, maambukizi ya malaria Visiwani yameshuka hadi kuwa chini ya asilimia 1 ya wakaazi. Maana yake ni kwamba homa nyingi zinazofika katika vituo vya afya vya shamba siku hizi si malaria, na mtoto mwenye homa ya wiki mbili, kipimo chake cha malaria kikawa hakioni kitu, anahitaji kuulizwa maswali mengine.

Swali lenyewe si la gharama kubwa. Kipimo cha hesabu kamili ya damu huweza kuonyesha kuwa chembechembe nyekundu na chembe sahani zimeshuka, huku nyeupe zikiwa nyingi mno au chache mno. Tone la damu lililopakwa juu ya kioo na kutazamwa kwa darubini na mtu mwenye jicho lililozoea huonyesha zile seli changa. Baada ya hapo mgonjwa huchukuliwa uloto kwa sindano, kwa kawaida kwenye mfupa wa nyonga, na sampuli hupelekwa kwenye mashine inayozipitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza ili kujua ni za aina gani. Hatua hii ya mwisho haipatikani katika kila hospitali, lakini mbili za mwanzo hazihitaji maabara ya ajabu.

Kutoka Uroa hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini ni kiasi cha kilomita 40 kwa barabara. Kutoka hapo wagonjwa wa saratani wa Zanzibar kwa miaka mingi wamekuwa wakivushwa bahari, kwa boti ya takriban saa mbili, kwenda Dar es Salaam: watu wazima katika Taasisi ya Saratani Ocean Road au Hospitali ya Taifa Muhimbili, na watoto katika wodi za saratani za Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na Serikali kutoa matibabu kwa watoto bila malipo. Wachache wenye uwezo, au waliopata rufaa ya Serikali, huendelea hadi India.

Ili kuelewa kipya, ni lazima kwanza kufahamu cha zamani, kwa sababu cha zamani ndicho kinachoponya watoto wengi hadi leo.

Mwishoni mwa mwaka 1947, daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, aliwapa watoto wenye lukemia kali dawa iitwayo aminopterini, inayozuia kazi ya vitamini ya foliki ambayo seli huihitaji ili zigawanyike. Katika taarifa yake ya mwaka 1948 alieleza kuwa watoto 10 kati ya 16 walipata nafuu. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda tu, lakini kabla ya hapo hapakuwa na dawa iliyojulikana kuusafisha uloto wa mtoto kama huyo. Ndugu ya dawa hiyo, methotreksati, bado inatumika. Mwaka 1953 ikaja merkaptopurini, iliyobuniwa na Gertrude Elion na George Hitchings, wanasayansi ambao mwaka 1988 walipata Tuzo ya Nobel.

Kisha ikaja dawa ambayo mmea wake hauwezi kuwa mgeni kwa mtu wa pwani. Ni ule mmea mfupi wenye maua ya rangi ya waridi au meupe, unaostahimili mchanga na jua, ambao watu hupenda kuuotesha mbele ya nyumba na mara nyingine hujiotea wenyewe. Asili yake ni Madagaska, na wataalamu huuita Catharanthus roseus. Katika nchi mbalimbali za joto watu waliuchemsha kama dawa ya kisukari. Katika miaka ya 1950 majani yake yalitumwa kutoka Jamaika hadi Kanada, ambako Robert Noble na Charles Beer walikusudia kuchunguza kama kweli yanashusha sukari. Hayakushusha. Badala yake waligundua kuwa yanashusha chembechembe nyeupe za damu, na wakawa na akili ya kutolitupa jibu ambalo hawakuliuliza.

Kutokana na mmea huo zilipatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini. Vinkristini iliidhinishwa Marekani mwaka 1963 na hadi leo ni sehemu ya msingi ya mipango ya kutibu lukemia kali ya limfoblasti ya watoto. Huzuia seli kujigawa kwa kuvuruga nyuzi zinazovuta vinasaba kwenda pande mbili. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mtu anaweza kuchuma majani uani akajitibu. Ili kupata gramu moja tu ya dawa hutakiwa mamia ya kilo za majani makavu, na mmea wenyewe una sumu nyingine zinazoharibu neva na moyo. Hata hospitalini vinkristini ina masharti makali: huingizwa kwenye mshipa wa damu pekee. Ikichomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, ambako dawa nyingine za lukemia huchomwa, huua. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri iwekwe ndani ya mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, ili mikono miwili iliyochoka isije ikachanganya mambo.

Dawa ya nne katika msingi huo ni asparajinasi. Mwaka 1953 John Kidd alibaini kuwa maji ya damu ya panya wa Guinea huua uvimbe wa saratani katika panya wengine. Baadaye ikajulikana kuwa yana kimeng'enya kinachovunja asparajini, kiungo cha protini ambacho seli za kawaida hujitengenezea lakini seli nyingi za lukemia hutegemea kukipata kutoka kwenye damu. Kikiondolewa, seli hizo hufa kwa njaa. Ni dawa nzuri lakini dhaifu kwa maana ya biashara: huharibika kwa joto, na ubora wake hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda. Uchunguzi wa waandishi wa habari uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asparajinasi zisizofikia kiwango zilikuwa zimesambazwa katika nchi nyingi, hasa maskini. Kwa nchi zenye joto na zinazoagiza dawa kutoka nje, jambo hili lina uzito kuliko habari nyingi za ugunduzi mpya.

Mchanganyiko wa dawa hizo, pamoja na steroidi na sindano za uti wa mgongo, hutolewa kwa awamu kwa muda wa miaka miwili au zaidi. Katika nchi tajiri unaponya watoto wapatao 9 kati ya 10 wenye lukemia kali ya limfoblasti. WHO inakadiria kuwa kwa saratani za watoto kwa jumla, nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati kiwango ni chini ya asilimia 30. Dawa za msingi ni zilezile. Tofauti inatokana na kuchelewa kutambuliwa, kukatizwa kwa matibabu, maambukizi, upungufu wa damu ya kuongezewa na dawa kukosekana katikati ya safari. Mwaka 2018 WHO, kwa kushirikiana na hospitali ya watoto ya St. Jude ya Memphis, ilizindua mpango wa kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wanaishi ifikapo mwaka 2030.

Pamoja na hayo, miaka ya karibuni imeleta mambo ambayo hayakutarajiwa. Lililo kubwa kuliko yote, kwa nchi kama Tanzania, pengine si lile linaloandikwa sana magazetini.

Ndani ya kundi la lukemia ya mieloidi kuna aina moja iitwayo lukemia kali ya promielositi. Zamani ilikuwa inatisha kuliko zote, kwa kuwa mgonjwa huweza kuvuja damu kwenye ubongo au mapafu na kufa katika siku chache, wakati mwingine kabla majibu ya maabara hayajatoka. Katikati ya miaka ya 1980, daktari Wang Zhenyi wa Shanghai, China, alijaribu kitu cha ajabu: badala ya kuziua seli za saratani, alizishawishi zikomae. Alitumia asidi ya retinoiki, ambayo ni jamaa ya vitamini A, ikiwa katika umbo la kidonge. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 24, ambao wote uloto wao ulisafika.

Huko Harbin, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, Zhang Tingdong na wenzake walikuwa tangu miaka ya 1970 wakitumia arseniki, sumu inayojulikana tangu kale. Jina hilo huwatisha wengi, nao wana haki. Lakini kwa kipimo sahihi, arseniki huivunja protini yenye kasoro inayosababisha aina hii ya lukemia. Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na Francesco Lo-Coco wa Italia ilionyesha kuwa kwa wagonjwa wasio na hatari kubwa, kuunganisha asidi ya retinoiki na arseniki bila dawa za kemikali za kawaida kuliwaacha asilimia 97 wakiwa hai bila ugonjwa kurejea baada ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 86 kwa waliopewa tiba ya awali. Saratani iliyokuwa ikiua kwa kasi kuliko nyingine sasa ndiyo inayopona vizuri zaidi miongoni mwa lukemia za watu wazima. Asidi ya retinoiki iliingia katika orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 2015, na arseniki mwaka 2019.

Hapa umbali wa Uroa unageuka kuwa suala la uhai na kifo. Wataalamu wa kimataifa wanashauri kwamba mgonjwa anaposhukiwa tu kuwa na aina hii, aanzishiwe kidonge cha asidi ya retinoiki siku hiyohiyo, bila kungoja uthibitisho wa vinasaba. Kidonge hakihitaji mtaalamu wa kupandikiza uloto wala chumba chenye hewa iliyochujwa. Kinahitaji kuwepo kabatini, na awepo mtu wa maabara atakayeitambua seli yake kwenye darubini. Mgonjwa anayevuja damu akingoja boti ya asubuhi ana wakati mdogo sana.

Upande wa watoto, habari kubwa ni blinatumomabu. Hii ni kingamwili iliyotengenezwa ikiwa na mikono miwili: mmoja unashika alama iitwayo CD19 iliyo juu ya seli za lukemia, wa pili unashika seli T, ambazo ni askari wa mwili. Zikikutanishwa uso kwa uso, askari huua. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa wagonjwa ambao lukemia imewarudia, na kwa miaka kadhaa ikabaki dawa ya waliokata tamaa. Mambo yalibadilika ilipoanza kutolewa mapema. Mwaka 2023 madaktari wa Ulaya waliripoti juu ya watoto wachanga 30, wa chini ya mwaka mmoja, wenye aina mbaya mno ya ugonjwa. Walipoongezewa mzunguko mmoja wa dawa hii, asilimia 81.6 walikuwa hai bila ugonjwa baada ya miaka miwili, wakati kwa watoto wa aina hiyo waliotibiwa kabla yao kiwango kilikuwa asilimia 49.4.

Desemba 2024 yakatoka matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 1,440 wenye hatari ya wastani. Waliopewa dawa za kawaida pamoja na blinatumomabu, asilimia 96 walikuwa bila ugonjwa baada ya miaka mitatu. Waliopewa dawa za kawaida peke yake walikuwa asilimia 87.9. Kwa ugonjwa ambao tayari ulikuwa ukipona kwa wingi, hiyo ni hatua kubwa, na jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati ili watoto wote waipate dawa.

Ugumu wake uko katika namna inavyotolewa. Huingizwa mwilini mfululizo, mchana na usiku, kwa siku 28 kwa kila mzunguko, kwa kutumia pampu ndogo. Pampu ikisimama, tiba nayo inasimama. Katika nchi nyingine watoto hubeba pampu hiyo kwenye mkoba wakaenda nayo skuli. Faida moja, ambayo haitajwi vya kutosha, ni kwamba haimalizi kinga ya mwili kama dawa za kemikali zinavyofanya. Mahali ambako watoto hufa kwa maambukizi kabla ya kufa kwa saratani, dawa ya aina hiyo ingeweza kuwa na manufaa makubwa kuliko hata huko ilikobuniwa. Bei yake ndiyo inayoizuia.

Kwa watu wazima wenye lukemia ya limfoblasti iliyo na kasoro ya kromosomu ya Philadelphia, vidonge vya imatinibu na dasatinibu vimebadilisha hesabu. Imatinibu iliidhinishwa mwaka 2001 kwa lukemia sugu, na katika Afrika Mashariki ni dawa inayojulikana: wagonjwa wa Dar es Salaam na Nairobi walikuwa wakiipata kwa msaada wa kampuni iliyoitengeneza kupitia taasisi ya Max Foundation. Sasa watafiti wa Italia wameonyesha kuwa dasatinibu ikiunganishwa na blinatumomabu huweza kusafisha uloto wa wagonjwa wengi bila dawa za kemikali zenye kuchosha mwili.

Tiba iliyovuta macho ya dunia zaidi ni ile ya kubadilisha seli T za mgonjwa mwenyewe. Damu yake hutolewa, seli T hutengwa, kisha katika maabara hupandikizwa jeni linalozipa kipokezi kipya cha kuitambua CD19. Zikishaongezeka hurudishwa mwilini kwa dripu. Mwaka 2012 Emily Whitehead wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 6, alikuwa mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo. Seli zilipoanza kazi, kinga yake ilifumka kiasi cha kukaribia kumuua, akapona baada ya madaktari kumpa dawa ya maradhi ya viungo iitwayo tosilizumabu. Tangu hapo dawa hiyo huwekwa tayari kabla ya tiba kuanza. Agosti 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii, kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

Katika jaribio lililowezesha idhini hiyo, asilimia 81 ya watoto na vijana 75 ambao dawa zote ziliwashinda walisafika ndani ya miezi mitatu. Si wote waliobaki salama, kwani kwa baadhi yao seli za saratani zilijifunza kuivua ile alama ya CD19 na kurudi zikiwa hazionekani.

Bei hiyo imeanza kuyumba, na upepo unavuma kutoka upande ambao Wazanzibari wanaujua vizuri. Oktoba 2023 India iliidhinisha tiba yake yenyewe ya seli T, iliyobuniwa na wanasayansi wa Taasisi ya Teknolojia ya Bombay pamoja na Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, kwa gharama ya takriban moja ya kumi ya ile ya Marekani. Bado ni fedha nyingi kwa familia inayoishi kwa mwani na dema. Lakini tofauti kati ya jambo lisilowezekana kabisa na jambo ambalo bodi ya rufaa inaweza kulijadili si ndogo.

London nako, mwaka 2022, katika Hospitali ya Great Ormond Street, msichana wa miaka 13 mwenye lukemia ya seli T alipewa seli za mtu mwingine zilizokuwa zimehaririwa herufi moja moja za vinasaba vyake, ili zisishambuliane zenyewe kwa zenyewe. Alisafika na baadaye akapandikizwa uloto. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa teknolojia hiyo kutumika kwa mgonjwa.

Kwa lukemia ya mieloidi, ukiiacha ile ya promielositi, maendeleo yamekuwa ya polepole. Tangu mwaka 1973 tiba yake kuu ni siku 7 za sitarabini na siku 3 za dawa ya jamii ya daunorubisini, matibabu mazito ambayo wazee wengi hawayastahimili. Kwao, jambo jipya ni kidonge cha venetoklaksi, kinachoiondolea seli ya saratani ile protini inayoikinga isife. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wazee waliopewa kidonge hiki pamoja na azasitidini waliishi kwa wastani wa miezi 14.7, wakati waliopewa azasitidini peke yake waliishi miezi 9.6. Si kupona, ila ni muda, na mwingi wake nje ya kitanda cha hospitali. Madaktari wa nchi zenye uwezo mdogo pia wametumia ukweli kwamba baadhi ya dawa za fangasi hupunguza kasi ya ini kuiondoa venetoklaksi mwilini, hivyo dozi hushushwa sana na gharama nayo ikashuka. Ni hesabu ya daktari, si ya mgonjwa.

Zipo pia dawa zinazolenga kasoro moja ya jeni, kama vile midostaurini ya mwaka 2017 na gilteritinibu ya mwaka 2018 kwa jeni la FLT3, na revumenibu ya Novemba 2024 kwa lukemia zenye mpasuko wa jeni la KMT2A. Kila moja humsaidia yule tu mwenye kasoro husika, na kuijua kasoro hiyo kunahitaji maabara ya vinasaba.

Upandikizaji wa uloto, uliomletea E. Donnall Thomas Tuzo ya Nobel mwaka 1990, umebaki kuwa tegemeo kwa wengi wa wale ambao lukemia imewarudia. Tanzania imeingia katika fani hiyo: Muhimbili ilianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu iitwayo mieloma, waliorudishiwa seli zao wenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kupandikiza kwa lukemia ni kazi ngumu zaidi, kwani huhitaji mchangiaji anayefanana. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4. Kwenye orodha za wachangiaji za kimataifa, watu wenye asili ya Afrika ni wachache na mara nyingi hukosa mfanano, sembuse mtu wa visiwani ambaye mababu zake walitoka bara, Ngazija na Uarabuni. Afueni imekuja na mbinu iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambapo mzazi, mtoto au ndugu anayefanana nusu tu anaweza kuchangia, na dawa ya bei nafuu, siklofosfamidi, hutolewa siku chache baadaye ili kutuliza ugomvi wa seli.

Baada ya miezi ya mwanzo ya matibabu, mtoto wa Uroa hurejea nyumbani. Hapo ndipo awamu ndefu huanza: kidonge cha merkaptopurini kila siku jioni, methotreksati mara moja kwa wiki, na safari za kurudi Dar es Salaam kwa vipimo. Katika awamu hii mtoto huonekana mzima, nywele zimerudi, anacheza ufukweni na wenzake, na hapo ndipo familia nyingi duniani huacha dawa, baadhi kwa kukosa nauli, wengine kwa kushauriwa kuwa dawa za miti shamba zitamalizia. Vidonge vikiachwa, seli chache zilizojificha huamka.

Jambo moja huelezwa kwa kila mzazi kabla hajapanda boti ya kurudi Unguja. Mtoto anayetumia dawa hizi akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, hapewi parasetamoli akalazwa hadi kukuche. Hupelekwa hospitali usiku huohuo, na anapofika, antibayotiki ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja. Ndiyo maana miongoni mwa vitu vya lazima katika mkoba wake, pamoja na vidonge na kadi ya kliniki, ni kipimajoto.